Nywele za Nahodha

Kinyozi Kessler alikuwa na maadui wawili duniani, upara na mpira. Upara aliusamehe, kwa kuwa ni kazi ya Mungu. Mpira ulikuwa kazi ya vijana wa Chuo cha Marlow, na hao hakuwasamehe hata siku moja.

Sababu yake ilijulikana Marlow nzima. Kila mwaka mwezi wa tisa ukiingia, wachezaji waliapa kutogusa mkasi mpaka mechi ya mwisho, ile ya Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, mwishoni mwa Novemba. Mchezo wenyewe ni wa kukimbia na mpira kifuani huku wanaume kumi na mmoja wakikutafuta wakulalie, na kichwani huna kinga ila nywele ulizopewa na mama yako. Zikiwa nyingi, goti likija linakuta godoro. Zikiwa chache, linakuta mfupa. Basi ikifika Novemba timu nzima inafanana na kondoo ambao mchungaji wao amesafiri, na wanachuo wasiojua hata mpira unashikwaje nao wanafuga, ili wasichana wawadhanie wachezaji. Duka la Kessler linabaki kimya kama kanisa siku ya Jumatatu.

Hiyo ndiyo sababu aliyowaambia watu. Ya kweli haikutajwa hata nyumbani kwake. Msimu uliopita aliitwa mji wa jirani kumtengeneza nywele kijana mmoja mchezaji. Kijana alikuwa amelala sebuleni kwa wazazi wake, ndani ya jeneza ambalo lilikuwa bado halijafunikwa. Kessler aliporudi aliosha mkasi, akaukausha, akauosha tena, kisha akauweka ndani kabisa ya droo ya chini na hakuutumia tena. Jioni ile alimwambia binti yake neno moja tu.

"Tillie, mcheza mpira akitaka kunyolewa, mlango wa mbele uko wazi. Mlango wa nyuma haumhusu."

Mlango wa nyuma ndio uliokuwa wa nyumbani. Familia iliishi nyuma ya duka, na kati ya duka na jikoni palikuwa na pazia zito la kijani. Mwanamume akiwa kwenye kiti, mwanamke havuki pazia. Tillie kazi yake ilikuwa kuchemsha taulo na kuzipitisha kwenye upenyo, mkono tu, kama mtu anayemlisha simba. Wateja wengine walimjua kwa vidole miaka mingi kabla ya kumjua kwa sura.

Sasa msichana huyu, aliyekatazwa wachezaji wote, alimpenda nani? Nahodha. Ndivyo moyo ulivyo, ukiuonyesha bakuli la uji lililo salama, wenyewe unataka ile sufuria inayochemka.

Merritt Oakes alikuwa mtoto wa mkulima wa mahindi, mrefu, mpole nje ya uwanja, mwenye aibu ya kuomba chumvi mezani. Ndani ya uwanja alikuwa mtu mwingine, na msimu ule timu yake ilikuwa haijafungwa. Walitoka suluhu mara moja, kwenye tope, na hiyo watu wa Marlow waliihesabu kuwa ushindi dhidi ya mvua. Ilibaki mechi moja ya Alhamisi, nyumbani, na wakiishinda ubingwa ni wao.

Jumamosi iliyotangulia walicheza ugenini. Jioni yake Merritt alikuja mpaka kwenye uzio wa nyuma, uso umechubuka, nywele zimeshuka mpaka kolani. Tillie alikuwa anaanua taulo. Merritt alisimama, akamtazama mpaka msichana akahisi masikio yanamuunguza. Macho yake yalikuwa yaking'aa ajabu, moja limepanuka kuliko jingine. Tillie alidhani ni taa ya jikoni. Halafu alidhani ni mapenzi, na dhana hii ya pili aliipenda zaidi, akaishikilia.

"Tillie," akasema, "mimi nataka nikatwe nywele kwenye nyumba hii moja mpaka siku zitakapokwisha kichwani."

Wasichana wengine huambiwa habari za mwezi na nyota. Yeye aliambiwa habari za nywele, na mtoto wa kinyozi akaelewa kila neno. Akasema ndiyo. Merritt akaahidi kuja kesho yake baada ya kanisa, aingie kwa mlango wa nyuma, aseme na mzee.

Jumapili Tillie alivaa gauni la buluu na kuoka keki ya tufaha. Baba yake aliiangalia ile keki, akaiangalia buluu ya gauni, akauliza anakuja nani. Tillie akajibu hakuna. Kessler akasema ni keki kubwa sana kwa hakuna. Ikaliwa na waliokuwapo, kimya kimya, na kipande cha mwisho kikagandia sahani mpaka Jumatatu.

Na Merritt alipita, Jumapili ileile, bila kuingia. Hilo ndilo lililouma. Alipita mbele ya duka na wenzake watatu, akamwona dirishani, akavua kofia na kumwambia habari za asubuhi kwa adabu ileile ambayo angempa mke wa mchungaji. Hakukonyeza wala hakugeuka nyuma. Akaenda zake na nywele zake.

Tillie hakulala vizuri usiku wa Jumapili, wala wa Jumatatu, na Jumanne alimmwagia mama yake chumvi kwenye kahawa. Alijiuliza kama alimjibu haraka mno. Alijiuliza kama Merritt amesikiliza maneno ya wenzake, kwamba nahodha hamuoi binti wa mtu wa povu la sabuni. Alijiuliza mengi, na yote yalikuwa mabaya, ila lililokuwa baya kuliko yote hakulifikiria.

Jumatano mchana alikuwa uani na taulo za duka. Baridi ilikuwa imezigandisha kwenye kamba, zimekuwa ngumu kama mbao, ukiipiga moja inalia. Merritt akatokea uchochoroni, mikono mifukoni.

"Umenikasirikia," alisema. "Jana ulivuka barabara uliponiona. Palikuwa na tope upande ule, ukaona bora tope."

"Tope halijaniahidi kitu."

Merritt akasema hamwelewi. Tillie akaivuta taulo kwenye kamba ikatoka na mshindo, akamwambia mtu mwenye haya angalau hujificha, haji kusimama uani kwa watu akiuliza amekosa nini. Kama amebadili nia aseme amebadili nia. Hatakuwa wa kwanza kuachwa, na mji huu una kisima kirefu cha wanaotaka kujitupa, lakini yeye hana mpango nacho.

"Nimebadili nia gani?"

"Ya Jumamosi."

"Jumamosi tulishinda," alisema Merritt, polepole.

Kitu fulani katika ule upole kilimfanya Tillie aishushe taulo. Akamuuliza walishindaje. Merritt akajibu kwamba kipindi cha pili, karibu na mwisho, nahodha wa Marlow aliwaburuta wapinzani wanne mgongoni mpaka mstarini. Alisema hivyohivyo, nahodha wa Marlow.

"Nahodha wa Marlow ni wewe, Merritt."

"Najua."

"Hayo maneno ni ya gazeti. Mimi pia nimelisoma. Nakuuliza wewe, uliwaburutaje?"

Upepo ukazigonganisha taulo kwenye kamba, ko, ko, ko. Tillie akauliza jioni ile alikuja hapa kufanya nini. Merritt akaangalia uzio, akaangalia mlango, kama mtu aliyepoteza ufunguo na sasa anajaribu kukumbuka koti alilovaa.

"Nilikuja hapa?"

Hapo ghadhabu yote ya siku zile ikamwisha Tillie mwilini kama maji kwenye beseni lililotobolewa, na kilichobaki chini kilikuwa hofu tupu. Akamwambia aketi juu ya pipa. Akaketi. Maneno yakamtoka kidogokidogo. Anakumbuka kipindi cha kwanza. Anakumbuka goti likija. Halafu anakumbuka kengele za kanisa, Jumapili. Katikati ni ukuta uliopakwa chokaa. Wenzake walimmwagia ndoo ya maji, wakamsimamisha, akaendelea, maana anayetoka harudishwi, na nahodha anayetoka huimbiwa nyimbo za kejeli mpaka azeeke. Kwenye treni walicheka kwamba alikula chakula mara mbili na kumshukuru mwuza tiketi kwa mapishi. Naye alicheka. Taa anaziona mbilimbili. Asubuhi anatapika, lakini si kila asubuhi.

"Kocha anajua?"

"Kocha ana mechi kesho." Kisha akaongeza upesi, kama mtoto anayeomba dakika moja zaidi ya kucheza, "Kesho tu, Tillie. Kesho jioni nakata nywele na sitamgusa mtu tena. Kila mtu amewahi kugongwa. Vandeveer wa chumbani kwangu aligongwa mwaka jana akaanza kusema Kilatini, na darasani hajawahi kukijua."

Tillie hakucheka, ingawa siku nyingine angecheka.

"Nilikwambia nini Jumamosi?" Merritt aliuliza. "Nilikutukana?"

Jibu lilikuwa pale, ulimini, lakini halikutoka. Akimwambia, Merritt ni mtu wa heshima, atasema basi ndivyo, niko tayari, hata kama moyoni hakuwa na neno hilo. Na yeye atabaki maisha yake yote akijiuliza aliyemchumbia ni Merritt Oakes, au ni lile goti.

"Nitakwambia," alisema, "siku utakapokuwa na kichwa cha kuyaweka. Kesho ukiingia uwanjani, maneno yale sitakwambia kamwe. Nitakufa nayo."

"Hiyo si haki."

"Ni haki kuliko kunitaka nije nikutazame ukivunjwa."

Merritt akasimama, uso umekuwa mweupe. Akasema hayo ni maneno ya baba wa Tillie, kila mtu Marlow anajua Kessler anauchukia mpira kwa ajili ya biashara, na yeye hakutegemea binti wa Kessler naye amhesabu kwa urefu wa nywele. Ana wenzake kumi wanaomngoja. Ana baba yake atakayetoka shambani na gari la farasi alfajiri, mzee ambaye hajawahi kumwona akicheza. Akageuka kuondoka, na lango la uani, lililo mahali pake siku zote, akalikosa kwa mkono wa kwanza. Alilipata kwa wa pili. Tillie aliona.

Njia zilikuwa mbili na zote zilikuwa na miiba. Akinyamaza, kesho huenda akamzika. Akimwambia baba, baba atakuwa na sababu ya kuufunga mlango wa nyuma milele, tena kwa haki, na Merritt hatamsamehe aliyemchongea. Alibeba taulo zake ngumu ndani, akazisimamisha kando ya jiko kama wageni, akazitazama zikilainika. Zilipolegea zote alivuta pazia. Dukani hapakuwa na mteja. Kessler alikuwa ananoa wembe asioutumia.

Akamwambia yote, hata uzio na yale maneno ya nywele. Kessler alinoa mpaka mwisho wa hadithi. Hakusema nilikwambia, alimsimulia tu, kwa mara ya kwanza, habari za yule kijana wa jeneza. Tillie alikuwa amejiandaa kwa nilikwambia, na alipoikosa ndipo machozi yalipomtoka.

"Kesho nafungua," alisema Kessler.

"Kesho sikukuu, baba. Mji wote uko uwanjani."

"Ndiyo. Atakayetaka kunyolewa hatapanga foleni."

Alhamisi bendi ya chuo ilipita asubuhi na mji wote ukaifuata, mabibi kwa mabwana na mbwa wao. Mama alikuwa jikoni na bata bukini aliyeanza kunukia. Kessler alivaa koti jeupe safi, akatandika shuka kwenye kiti, akasimama mlangoni mikono nyuma. Tillie alikaa upande wake wa pazia na birika la maji ya moto, akisikiliza. Uwanja haukuwa mbali. Ilisikika bendi, halafu kelele, halafu filimbi.

Filimbi ile ilimpita mwilini kama sindano. Basi ameingia. Wameanza, na yumo. Akaona ile sebule ya mji wa jirani ambayo hakuwahi kuiona, na jeneza, na nywele ndefu juu ya mto. Mama yake akamshika bega, akamwambia amenye viazi. Akamenya mpaka viazi vikawa kama njugu.

Kengele ya mlango wa duka ikalia.

Kupitia upenyo alimwona amevaa jezi na suruali nene ya mchezo, viatu vina tope bichi, anahema. Alikuwa ametoka mbio uwanjani kupita mji mtupu. Kessler aligeuza kiti. Merritt akaketi.

"Nilitakiwa niwaite kwa majina kabla ya kuingia," Merritt alisema. "Ndivyo nahodha anavyofanya. Mmoja mmoja, unamshika bega, unamtaja. Nikafika kwa yule ninayelala naye chumba kimoja mwaka wa tatu huu. Mkubwa, anakoroma, dada yake hututumia jibini. Nikamshika bega." Akakitazama kiganja chake. "Jina halikuwepo, mzee. Wote wananitazama. Baba yangu yuko mstari wa mbele na kofia mpya. Nikampa mpira, nikamwambia timu ni yako, nikaondoka."

"Vandeveer," alisema Kessler.

"Sasa ninalo. Pale sikuwa nalo."

Kutoka uwanjani ikaja kelele kubwa, na vidole vya Merritt vikauma mikono ya kiti. Hakuna aliyejua ni kelele ya nani.

"Nikate, mzee."

"Zote?"

"Zote."

Tillie akasikia droo ya chini ikifunguliwa. Akaujua mkasi kwa mlio wake, ule uliolala mwaka mzima. Mafundo ya nywele yakaanza kuanguka sakafuni. Kisha mkasi ukasita nyuma ya sikio la kushoto. Tillie akaona mgongo wa baba yake ukinyanyuka na kushuka. Uvimbe ulikuwa pale, chini ya lile godoro lote, mkubwa kama yai.

"Mwenye nywele kama hizi wa mwisho niliyemkata," alisema Kessler, "hakunisumbua hata kidogo. Alitulia sana. Wewe tingishika, mwanangu, tingishika upendavyo." Kisha kwa sauti ya kawaida, bila kugeuka, akasema, "Mama Tillie, daktari yuko uwanjani, ana skafu nyekundu. Mwambie aje sasa, si baada ya mechi."

Mama alishatoka kabla sentensi haijaisha.

Mkasi ukaendelea, taratibu zaidi. Merritt akasafisha koo. Huyu ndiye aliyeona aibu kuomba chumvi.

"Mzee Kessler, Jumamosi nilimwambia binti yako kitu. Sikikumbuki. Nimemuuliza, amekataa. Labda nilimkosea. Sasa kwa kuwa sijui nilichosema, nitasema ambacho ningesema mtu angeniuliza, na kama ni kingine, nisameheni."

"Sema. Usitikise kichwa."

"Mimi nataka nikatwe nywele kwenye nyumba hii moja mpaka siku zitakapokwisha kichwani."

Nyuma ya pazia, Tillie alijifunika mdomo kwa taulo. Ilikuwa ya moto na hakuhisi. Yalikuwa maneno yaleyale, na goti la mtu hata moja halikuwepo karibu. Yalitoka ndani kabisa, mahali ambapo ukuta wa chokaa haukufika.

Kessler alikata kidogo, akapuliza nywele shingoni, akafikiri.

"Zimeshaanza kukwisha," alisema. "Hapa mbele. Sitaki useme nilikuficha."

"Naona mzee."

"Nafasi bado ipo ya kughairi."

"Sighairi."

Kelele nyingine ikaja kutoka uwanjani, ndefu zaidi, na bendi ikafuata. Safari hii mikono ya Merritt ilibaki juu ya shuka, imetulia. Kessler akaweka mkasi mezani.

"Ottilie. Taulo ya moto."

Tillie, akisikia jina lake kamili, akanyoosha mkono kwenye upenyo kama siku zote. Hakuna aliyeipokea taulo. Mkono ukabaki hewani, unatoa mvuke.

"Hapana," alisema baba yake. "Ilete mwenyewe."

Tillie aliitazama kijani ya lile pazia aliloliosha kila mwezi tangu utotoni. Halafu akalivuka.

Merritt alikuwa mdogo bila nywele, masikio yamemtoka kama mvulana wa siku ya kwanza shuleni, na jicho moja bado lilikuwa limepanuka kuliko jingine. Tillie alipoliona, furaha na hofu zikamjia pamoja. Akamfunika paji kwa taulo, akainama mpaka macho yao yakawa sawa.

"Ndiyo hayo niliyosema Jumamosi?" Merritt alinong'ona.

"Jumamosi uliyasema vizuri zaidi." Akamshika kidevu. "Usifumbe macho mpaka daktari afike. Niangalie. Mimi ni nani? Jina langu."

Merritt alimtazama. Alikawia, na katika kule kukawia Tillie alizeeka miaka. Kisha pembe ya mdomo ikacheza.

"Ottilie Kessler," alisema. "Kessler kwa sasa."